Ahadi ni Deni: Mpiga Filimbi, Mtoto wa Unguja na Vijana Wetu

Kila mwaka, katika somo la historia ya ibada hapa chuoni kwetu Kihesa, inafika siku ambapo mwanafunzi mmoja huinua mkono na kuuliza: "Mchungaji, muziki wa roki ni wa shetani?" Darasa zima hunyamaza. Nje tunasikia spika za vibanda vya sokoni zikishindana, bongofleva upande huu, kwaya upande ule, na bodaboda zikipita katikati. Tumegundua kwamba swali hilo si la mtihani. Wengi wanaouliza wametoka katika sharika ambazo wazee walikwisha kulijibu zamani, na baada ya jibu lile vijana wakaondoka. Mwanafunzi anataka kujua kama jibu lilikuwa sahihi, na kama walioondoka wanaweza kurudi.

Zamani tulilijibu kwa sentensi moja, kisha tukaendelea na somo. Siku hizi tunalijibu kwa kusimulia historia. Ni safari ndefu kidogo: inaanzia Birmingham nchini Uingereza, inapita Unguja, inafika katika mji mmoja wa Ujerumani, kisha inarudi kwetu Nyanda za Juu Kusini. Tunamwomba msomaji atuvumilie njiani, kwa maana mwisho wake unatuhusu sisi wachungaji na wazee wa kanisa kuliko unavyowahusu wanamuziki.

Hofu iliyopewa sauti

Ijumaa ya tarehe 13 Februari 1970, vijana wanne kutoka Aston, Birmingham, walitoa albamu iliyoitwa Black Sabbath. Bendi yao iliitwa hivyo hivyo, na wimbo wa kwanza katika albamu uliitwa hivyo hivyo. Wanahistoria wa muziki huuhesabu wimbo huo miongoni mwa nyimbo za kwanza kabisa za hevi metali. Vijana wale walitoka katika familia za wafanyakazi. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alipoteza ncha za vidole viwili katika mashine ya kiwandani akiwa na miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki akaendelea kupiga, na baadaye akalegeza nyuzi za gitaa zisimsumbue, sauti ikazidi kuwa nzito. Mpiga besi, Geezer Butler, alilelewa katika nyumba ya Kikatoliki. Wakati ule alikuwa akisoma riwaya za Dennis Wheatley, Mwingereza aliyeandika juu ya wachawi na ibada za gizani. Butler amesimulia kwamba usiku mmoja aliamka akaona umbo jeusi limesimama miguuni pa kitanda chake. Hofu ile ndiyo iliyozaa wimbo.

Wengi wetu tukiona jina la wimbo na picha ya jalada hatuendi mbele zaidi. Lakini tukiyasikiliza maneno, tunakuta kwamba mtu anayesimulia hamsifu shetani. Anamwona, anatetemeka, anataka kukimbia, na anamlilia Mungu amsaidie. Kilio cha namna hiyo tunakifahamu vizuri. Zaburi zimejaa watu wanaolia hivyo usiku. Mwaka 1971 bendi ile ile ilitoa wimbo mwingine, After Forever, unaowakemea wanaomdhihaki Mungu na kumhimiza msikilizaji aifikirie roho yake kabla ya kufa.

Nyimbo hizo zina babu yao, nayo ni fasihi inayoitwa ya kigothiki: hadithi za majumba ya kale, makaburi, mizimu, na dhambi za mababu zinazowarudia wajukuu. Inahesabiwa kuwa ilianza mwaka 1764, Horace Walpole alipotoa The Castle of Otranto, ikaendelea na Frankenstein ya Mary Shelley mwaka 1818 na Dracula ya Bram Stoker mwaka 1897. Nasi hatuko mbali nayo. Waliosoma Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960, wanakumbuka jinsi jina lenyewe linavyotisha. Lakini Bwana Msa akianza uchunguzi wake, anachotafuta ni mkono wa binadamu. Hadithi nzuri za kutisha hufanya kazi hiyo. Hutuonyesha zimwi, kisha hutugeuza tumtazame mtu.

Mtoto wa Unguja

Mwezi Julai 1973 bendi nyingine ya Uingereza, Queen, ilitoa albamu yake ya kwanza. Ilikuwa roki nzito, jirani wa karibu wa hevi metali iliyokuwa bado changa. Mwimbaji wake alizaliwa kwetu. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi wafuasi wa dini ya Zoroaster. Baba yake alishika kazi ya fedha katika serikali ya kikoloni. Akiwa mtoto wa miaka minane hivi alipelekwa India, katika shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, shule yenye misingi ya Kianglikana. Alirudi Unguja akiwa kijana, na Mapinduzi ya Januari 1964 yakamkuta huko. Mwaka huo huo familia ilihamia Feltham, karibu na London. Alikuwa na miaka 17.

Katika albamu ile kuna wimbo wake uitwao My Fairy King. Unaielezea nchi ya ajabu ambako farasi huzaliwa na mabawa ya tai na nyuki hawana miiba. Picha hizo hakuzibuni yeye. Alizichukua katika shairi la Robert Browning la mwaka 1842, linalosimulia habari za mpiga filimbi wa mji wa Hamelin. Lakini katika wimbo nchi ile haidumu. Wanakuja watu usiku kama wezi, wanaiharibu, na mfalme wake anabaki bila nguvu. Mwimbaji anamlilia mama yake atazame alivyotendwa, na katika mstari ule mama anaitwa Mercury. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, amesimulia kwamba hapo ndipo Farrokh alipoamua kujiita Freddie Mercury. Kwa hiyo jina ambalo dunia nzima inamjua nalo lilitoka katika wimbo wa nchi iliyopotea.

Hatuandiki haya ili kumtakasa wala kumhukumu. Maisha yake yalikuwa na mengi ambayo sisi wahubiri hatuwezi kuyaweka kuwa mfano. Lakini katika albamu ile ile ya 1973 kuna wimbo mwingine alioutunga, unaoitwa Jesus, na ndani yake wenye ukoma na ombaomba wanamwita Yesu katikati ya umati, naye anawagusa. Freddie alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, siku moja baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI. Miaka ile sisi tulikuwa watoto, na hapa Iringa tuliona majeneza mengi ya vijana yakishushwa kaburini bila mtu kuthubutu kuutaja ugonjwa. Kanisa lililojifunza wakati ule kuwaosha wagonjwa na kuwalea yatima halina sababu ya kumrushia jiwe marehemu huyu.

Mji uliokosa kulipa

Sasa tulitazame shairi lenyewe. Si la kigothiki kwa jina, lakini damu ni ile ile: mgeni asiyejulikana atokako, mlima unaofunguka, na dhambi ya wakubwa inayolipwa na wadogo.

Browning anasimulia kwamba mji wa Hamelin ulisumbuliwa na panya, hata wakaingia katika vyakula na vitanda vya watoto. Akaja mpiga filimbi aliyevaa nguo za rangi mbili, akajitolea kuwaondoa. Meya na baraza lake, kwa furaha, wakakubali kumlipa zaidi ya alivyoomba. Akapuliza filimbi, panya wakamfuata mpaka mtoni wakazama. Alipodai gilda zake elfu moja, meya akampa hamsini, akasema ahadi ilikuwa mzaha. Panya wamekwisha kufa, nao hawawezi kurudi. Mpiga filimbi akatoka barabarani akapuliza tena. Safari hii walimfuata watoto, wakicheza na kuchekelea, mpaka mlimani. Mlima ukafunguka, wakaingia, ukafunga. Akabaki mmoja tu, mtoto kiwete ambaye hakuweza kwenda kasi kama wenzake. Yeye ndiye anayesimulia habari za nchi waliyoahidiwa, yenye farasi wa mabawa na nyuki wasiouma. Maneno ambayo kijana wa Unguja aliyaazima ni ya mtoto aliyeachwa nyuma.

Nyuma ya shairi kuna historia, nayo inaanzia kanisani. Kumbukumbu ya zamani zaidi ya kisa hiki ilikuwa dirisha la vioo vya rangi katika kanisa la sokoni la Hamelin, lililotengenezwa karibu na mwaka 1300. Dirisha lile liliondolewa katika karne ya 17, lakini waliokuwa wameliona waliliandika. Hati ya karne ya 15 inasema kwamba tarehe 26 Juni 1284 watoto 130 waliongozwa kutoka mjini na mpiga filimbi mwenye nguo za rangi nyingi, wakapotea. Katika masimulizi hayo ya kale hapana panya. Panya waliongezwa katika karne ya 16. Watafiti wengi huona kwamba "watoto" wale walikuwa vijana wa mji walioandikishwa na mawakala kwenda kuanza maisha katika nchi za mashariki, wakati Wajerumani wengi walipokuwa wakihamia huko.

Mji wa Hamelin hadi leo una mtaa mwembamba ambao jina lake maana yake ni mtaa usio na ngoma. Inasemekana ndiko watoto walikopitia. Kwa desturi, hata maharusi wakipita hapo na wapigaji wao, muziki hunyamazishwa mpaka wauvuke mtaa. Desturi hiyo ya huzuni tunaiheshimu. Lakini tunauliza: karne hizi zote za kuzuia ngoma katika mtaa ule, ni mtoto gani aliyerudi?

Nyumbani kwetu

Nyanda za Juu Kusini zina Hamelin yake. Wakati wa ukoloni mawakala walipita Njombe, Iringa na Mbeya wakiandikisha vijana kwa kazi ya mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu mtu alipokea namba na kuitwa kwa namba yake. Kutoka mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao maalumu cha kuandikisha, SILABU. Baadhi ya vijana wale walirudi. Wengine walizikwa huko huko. Na leo magari ya alfajiri yanatoka Iringa yamebeba mabinti wanaokwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Hatukumbuki mzee yeyote aliyesema kwamba mkonge ni wa shetani, au kwamba nauli ya basi ni ya shetani. Neno hilo tumeliwekea muziki.

Wala si mara ya kwanza. Wamisionari wa Berlin walipofika kusini mwa nchi yetu mwaka 1891, Injili waliyoileta ilikuwa njema, lakini kwa muda mrefu katika misheni nyingi ngoma ilibaki nje ya mlango wa kanisa, ikihesabiwa kuwa ni mali ya mizimu. Mkristo mpya aliacha ngoma yake nje akaingia kuimba tuni za Ulaya. Mwaka 1966 mwanafunzi wa chuo cha theolojia cha Makumira, Bernard Kyamanywa, alichukua tuni ya Kihaya akaitungia maneno ya ufufuo. Wimbo huo, Mfurahini Haleluya, unaimbwa leo siku ya Pasaka Ujerumani na Marekani, na washarika wa huko hupiga makofi. Kilichokuwa nje ya mlango kimerudi kwa waliotufundisha kukiacha nje.

Martin Luther mwenyewe angetushangaa. Mwaka 1524, katika dibaji ya kitabu cha nyimbo kilichotayarishwa na Johann Walter, alieleza kwamba nyimbo zile zimepangwa kwa sauti nne kwa ajili ya vijana, kwa kuwa wanahitaji kufundishwa muziki, wapate kitu chema badala ya nyimbo za tamaa. Akakataa wazo kwamba Injili imekuja kuziua sanaa. Tuangalie njia yake: aliona kwamba vijana wana nyimbo mbaya, akawapa nyimbo. Hakuwapa ukimya.

Kikao chetu

Sasa tufike pale tulipoahidi. Miaka kadhaa iliyopita tulihudumu katika usharika mmoja wa vijijini, ambao hatutautaja. Usharika haukuwa na ofisi. Kikao cha wazee kiliwaomba vijana wa kwaya wafyatue tofali, kikaahidi kwamba baada ya mavuno usharika utauza mahindi na kuwanunulia gitaa la umeme na spika. Ahadi iliandikwa katika muhtasari, na sahihi iliyo chini ya muhtasari ule ni yetu. Vijana walifyatua tofali kiangazi chote, katika baridi ya Juni na Julai, miguu ikiwa katika tope kabla jua halijatoka. Wakachoma tanuri, wakabeba. Ofisi ikasimama. Mahindi yakauzwa.

Siku ya kikao mzee mmoja alisimama akasema kwamba gitaa la umeme ni mlango wa roki, na roki ni ya shetani. Wengine wakaitikia. Kila mtu chumbani alijua kwamba siku ya kuahidi hakuna aliyemkumbuka shetani. Alikumbukwa siku ya kulipa. Kiti cha mwenyekiti tulikikalia sisi, na tulinyamaza. Fedha zikaenda kwenye saruji.

Kabla mwaka haujaisha, kwaya ilibaki na watu watatu. Wengine walihamia kanisa jingine lenye vyombo, wengine wakaenda Makambako na Dar es Salaam kutafuta maisha, wengine Jumapili hawaendi popote. Nasi tulihubiri mara nyingi juu ya tabia za vijana wa siku hizi.

Mmoja wa wale watatu waliobaki alikuwa binti ambaye bibi yake alikuwa mzee wa kanisa, hakuweza kuondoka. Tulikutana naye mwaka jana stendi ya mabasi, sasa ni mama wa watoto wawili. Alitusalimia kwa heshima: "Shikamoo, Baba Mchungaji." Tukamwomba msamaha kwa habari ya gitaa. Akacheka kidogo, akasema: "Gitaa tulishalisahau, Baba. Siku ile tulikuwa nje ya dirisha, tunasikia. Tulikuwa tunangoja wewe useme kwamba mliahidi."

Maneno yale tumeyabeba tangu siku hiyo. Tulidhani vijana waliifuata sauti ya gitaa. Kumbe waliondoka kwa sababu ya sauti ambayo hawakuisikia.

Jibu kwa mwanafunzi

Bwana wetu anapowasema watu wa kizazi chake katika Mathayo 11:16-17, anawafananisha na watoto waliokaa sokoni wakilalamika kwamba wenzao walipigiwa filimbi wasicheze, wakaombolezewa wasilie. Yohana alikuja na maombolezo wakasema ana pepo. Mwana wa Adamu akaja akila na kunywa wakasema ni mlafi. Kumbe mtu anaweza kumwita mwenzake mwenye pepo ili tu asimsikilize. Na Yakobo 5:4 inasema kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele zake hufika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kelele hiyo ina nguvu kuliko spika yoyote, nasi wazee ndio tunaoshindwa kuisikia.

Kwa hiyo mwanafunzi akituuliza kama roki ni ya shetani, tunamwambia kwanza: yapime maneno ya kila wimbo, kwa maana zipo nyimbo za kupotosha, nazo zipo katika kila aina ya muziki, hata ule unaopigwa kwa kinanda cha kanisa. Sauli alitulizwa kwa kinubi cha Daudi, na siku nyingine, akisikiliza kinubi kile kile, alimrushia Daudi mkuki. Kinubi hakikubadilika.

Kisha tunamwambia jambo la pili. Utakapopewa usharika, kabla ya kuhubiri juu ya muziki wa vijana, fungua kabati la ofisi, toa mihutasari ya zamani, usome ni nini kiliahidiwa na kwa nani. Wahenga walisema ahadi ni deni. Ukikuta deni, lilipe. Na kama huna fedha za kulipa, simama mbele ya vijana, ukiri kwamba mliahidi. Sisi tulimwandikia barua mchungaji aliyepo sasa katika usharika ule, tukamwambia ukweli wa muhtasari wetu, tukaambatanisha fedha za gitaa kutoka mfukoni mwetu. Amejibu kwamba kwaya mpya ina watoto kumi na wanne, na kwamba mmoja wao ameanza kujifunza nyuzi. Wale wa kwanza hawajarudi. Tunaendelea kuwaombea kwa majina yao, na tukikutana nao njiani, tunaanza sisi kusema.